Koti la Kinyozi

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hunijui, na mimi nakujua kwa kukusikia tu. Natengeneza filamu katika kituo cha televisheni. Mwaka huu nimepewa filamu ya vita vya mpakani, ila sitaki iwe ya mizinga na majenerali. Nataka vita visimuliwe na barua ambazo askari waliwaandikia watu wa nyumbani. Zitasomwa kwa sauti, na watazamaji wataona picha za vijana wenyewe na mahali walipokuwa.

Anwani yako nimepewa na chama cha askari wastaafu. Walinieleza kwamba mwanao, ambaye kikosini walimwita Kinyozi, aliuawa pale darajani miaka sita iliyopita, na kwamba hakuna aliyeandika nyumbani kama yeye. Mmoja wao aliniambia, "Alikuwa akitunyoa anatuuliza habari za mama zetu, akimaliza anakaa kumwandikia wa kwake."

Moyo wako ukiridhia, naomba uniazime barua zake chache na picha yake moja. Naweza kuja mwenyewe, au unipigie kwa namba iliyo hapo chini.

Pole kwa msiba ambao najua hauishi.

Wako,
Mtengenezaji filamu


15 Februari

Binti wa filamu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena, na bado sijajua umetumwa na nani.

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya zahanati na mashati ya watu wa benki. Mtu haniletei nguo isipokuwa ina doa, kwa hiyo na wewe nakuuliza, doa lako liko wapi? Miaka sita kuna kaburi nyuma ya nyumba yangu, na hakuna mkubwa aliyewahi kubisha hodi kuuliza kama nimekula. Leo watu wanataka barua. Wanataka na picha.

Simu sitakupigia. Simu ina masikio kuliko mtaa huu, na mtaa huu unayo ya kutosha. Usije pia. Ukitaka kusema na mimi, andika.

Nijibu haya kwanza. Nani ataitazama filamu hiyo kabla ya watu wote? Picha ya mwanangu itafika wapi, hapa kwetu tu au na nje? Na umewaandikia akina nani wengine?

Usinione mkali. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mama yake Kinyozi


23 Februari

Mama,

Shikamoo. Sikuoni mkali. Mtu anayeuliza kabla ya kutoa anajua thamani ya alicho nacho.

Watakaoitazama mwanzo ni mimi, mhariri wangu na mkurugenzi. Itaoneshwa nchi nzima, na majirani zetu wakiipenda wataionesha kwao. Familia nilizoziandikia ni nne. Mmojawapo ni mke wa askari aliyeitwa Ngongoti kwa sababu ya urefu wake. Huenda jina hilo ulilisikia kwa mwanao, maana nimeambiwa walikuwa chanda na pete, mmoja juu, mwingine chini, wakipita pamoja kambi nzima inacheka. Mkewe anaoka mikate na ana watoto wawili. Mumewe hakurudi, na hakuzikwa.

Je, mliwahi kuonana?

Binti wa filamu (jina ulilonipa nimelipenda)


9 Machi

Binti,

Marahaba. Hatujaonana. Nitaonana naye wapi?

Nimekuandikia nakala za barua tatu kwa mkono wangu. Zenyewe haziondoki ndani ya nyumba hii. Ya kwanza ni ile ya siku aliyomnyoa mkuu wa kikosi: "Mama, leo wembe wangu ulikuwa shingoni mwa mtu anayeweza kunifunga. Mkono ulinitetemeka mpaka akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ni heshima." Mtaa mzima tuliicheka hiyo. Ya pili ni ya baridi na panya. Ya tatu ananiuliza kama paa limezibwa.

Picha sitoi, usiniombe tena. Mwanangu hapendi kupigwa picha. Hapendi kusifiwa pia, tangu utotoni ukimsifu anatoka nje. Huyo hata kahawa anakunywa amegeukia ukuta.

Huyo mke wa Ngongoti, watoto wake wana umri gani? Wanasoma? Watu wanasemaje kuhusu baba yao? Nauliza tu, kama mama.

Mama yake Kinyozi


14 Machi

Dada,

Salamu. Nakutumia barua ya mwisho ya mume wangu, na nakuomba uishike vizuri kwa sababu ndiyo pekee niliyobaki nayo. Nyingine baba mkwe alizitia motoni siku tulipoletewa habari.

Habari yenyewe ni hii. Baada ya yale ya darajani walihesabu waliokufa, wakahesabu majeruhi. Mume wangu hakuwa huku wala kule. Basi wakaandika kwamba ametoroka. Askari wa kambi walikuja mara mbili kupekua, wakainama mpaka chini ya vitanda vya watoto. Baba mkwe naye alikuwa askari zamani. Alishusha picha ya mwanawe ukutani, na tangu siku hiyo hajalitamka jina lake. Kijana wangu mkubwa alirudi shuleni hana jino, wamemwita mtoto wa mtoro. Dada yangu wa tumbo moja anasema Ngongoti ana mke mwingine ng'ambo ya mpaka, ananawiri. Na mimi, nikuambie kweli, kuna siku namwamini dada yangu.

Halafu nasoma hii, siku moja kabla ya daraja: "Koti langu limeungua kwenye moto wa kukaushia nguo. Kinyozi kaniazima lake, maana kesho zamu ya daraja ni yangu. Mikono inaishia kwenye viwiko, wenzangu wananicheka, lakini baridi haichagui. Waambie watoto baba yao anaonekana kama mnazi uliovalishwa fulana."

Mtu anayepanga kutoroka anaandika habari za koti? Ninachotaka katika filamu yako ni hayo maneno yasomwe, na baba mkwe awe amekaa anasikiliza. Kama huwezi, nirudishie barua yangu. Nimechoka kutumiwa.

Mke wa Ngongoti


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekawia kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi, na hata sasa sijui. Nitauliza moja kwa moja, nawe unisamehe.

Mke wa Ngongoti amenipa barua ya mumewe. Inasema siku ya daraja Ngongoti alikuwa amevaa koti la Kinyozi. Chama cha wastaafu waliwahi kuniambia kwamba miili ya pale darajani haikutambulika kwa sura. Ilitambuliwa kwa majina yaliyoshonwa ndani ya makoti.

Tena nimerudia barua yako. Umeandika mwanangu hapendi kusifiwa. Anakunywa kahawa amegeukia ukuta. Hukuandika alikuwa hapendi, wala alikuwa anakunywa.

Mama, lile jeneza lilifunguliwa?

Binti wa filamu


24 Machi

Wewe binti,

Sasa doa nimeliona.

Jumatatu mtu mmoja alikwenda kwa jirani yangu mwenye duka. Viatu vimeng'arishwa, nywele zimekatwa chini kabisa. Alinunua kiberiti, naye sigara havuti. Akauliza, "Huyu mama dobi anaishi na nani? Hupata wageni?" Jirani akamjibu kwamba wageni wangu ni mashuka. Lakini mtu akiuliza mara moja hachoki, na barua yako ikanifikia siku ya pili yake. Unataka niamini kwamba hayo mawili hayajuani?

Jeneza lilifungwa na jeshi, na jeshi halikuniachia bisibisi. Na kuhusu hapendi na alikuwa hapendi, mimi si mwalimu wa lugha. Mama hampotezi mwanawe kwa sarufi.

Nirudishie nakala zangu. Mwanangu mtoe kwenye filamu yako. Na usiniandikie tena.

Dobi


1 Aprili

Mama,

Nakala zako zimo humu, zote tatu. Ninavunja amri yako mara moja tu.

Yule mtu sikumtuma mimi, lakini njia aliyopita niliifungua mimi. Mkurugenzi wangu aliwapa jeshi orodha ya familia zetu ili watuazime picha zao za vita. Afisa wao ataitazama filamu kabla ya kuoneshwa. Uliponiuliza nani ataitazama mwanzo, nililijua hilo, nikanyamaza kwa kuogopa kwamba utakataa. Hukukosea kunishuku.

Sitakuuliza tena kitu. Ninachodhani nitabaki nacho. Mwanao nimemtoa kwenye filamu, na lile neno la koti katika barua ya Ngongoti nimelitoa pia, ili afisa asije akajumlisha moja na moja.

Ila uliniuliza watu wanasemaje kuhusu baba wa wale watoto, na sikukujibu. Wanasema alitoroka. Jeshi limeandika hivyo, na babu yao amesadiki. Watoto wanapigwa shuleni kwa ajili hiyo. Nilidhani unajua. Kisha nikafikiri, labda hujui.

Binti wa filamu


18 Aprili

Dada wa filamu,

Jana nilikuja ofisini kwenu, hukuwepo. Mhariri wako, kijana mwenye adabu, akanikalisha kwenye kile chumba cha giza akanionesha sehemu yangu. Nikasikia sauti nzuri ikimsoma mume wangu: baridi, salamu kwa watoto, wimbo wanaouimba jioni. Neno la koti halimo.

Nilimwuliza limekwenda wapi. Akasema, "Limetolewa na mkuu wangu mwenyewe, sijui kwa nini."

Nilikuomba kitu kimoja tu. Ungenitaka niseme vita ni vibaya, ningesema. Ungetaka nilie mbele ya kamera, machozi ninayo. Koti lile limekuuma wapi? Nani amekuambia ulitoe? Mtu hafuti neno kwa bure. Ama unawaogopa, ama wewe ni mwenzao.

Nataka jibu kwa mwandiko wako, na lisiwe refu. Maneno marefu ni ya watu wanaoficha.

Mke wa Ngongoti


22 Aprili

Dada,

Nimelitoa mimi, hakuna aliyeniamuru. Sababu ninayo, lakini si yangu kuisema. Mwenye nayo nimemwandikia leo. Filamu sitaimaliza mpaka nipate jibu lake. Ukinichukia, nitastahimili.

Binti wa filamu


22 Aprili

Mama,

Nilikuahidi sitakuuliza kitu, na siulizi. Nakuletea tu barua ya mke wa Ngongoti. Mimi sina jibu la kumpa.

Binti wa filamu


10 Mei

Mwanangu, mke wa Ngongoti,

Hunijui. Mimi ni mama yake Kinyozi. Kaa chini ndipo usome.

Mumeo hakutoroka. Mumeo alikufa siku ileile ya daraja, na amezikwa nyuma ya nyumba yangu kwa jina la mwanangu. Aliyetoroka ni mwanangu. Yu hai.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu nikianza na maelezo nitajificha ndani yake, na nimejificha vya kutosha.

Walipoleta jeneza, vijana wa mtaa walikuwa wameshachimba kaburi. Mwanangu ni mfupi, kila mtu anamjua, wakachimba la mtu mfupi. Jeneza halikuingia. Ikabidi waliteremshe pembeni waongeze shimo, nasi tumesimama tunatazama. Nilimwuliza askari aliyelisindikiza, "Mbona refu hivi?" Akasema, "Mama, majeneza ya jeshi yote ni mamoja." Nikakubali. Nilikuwa nimeshalia mpaka nguvu zimeisha, mtu akinipa jibu lolote nalipokea.

Baada ya miezi kadhaa, Jumamosi mchana, akaingia mteja amebeba furushi, kofia imemfunika macho. Nilikuwa napiga pasi shati la daktari. Akasema, "Mama, usipige kelele." Shati la watu likaungua mkononi mwangu, hata harufu sikuisikia. Nikamwambia, "Nimemzika nani?" Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa mtoto niliyekwisha kumlilia. Akasema, "Ngongoti."

Alikuwa mtoni anateka maji bomu lilipopiga daraja. Akakimbia. Aliposikia redio ikimtaja kwenye wafu, alifikiri kurudi aseme si yeye, lakini aliyekimbia akirudi anafungwa, na kila siku iliyopita ilizidi kumfungia mlango.

Mimi nilijua Ngongoti ana mke. Nilijua yuko mwanamke mahali anamngojea mtu ninayemfagilia kaburi kila Ijumaa. Nilijiambia, kungoja si kufa, mimi nina mtoto mmoja tu. Lakini kwamba walimwandika mtoro, kwamba aibu ya mwanangu mmebebeshwa nyinyi, hilo sikulijua. Nimelijua mwaka huu kwa binti wa filamu. Nilidhani unalia tu. Sikujua kwamba unatukanwa.

Binti usimlaumu kwa lile neno la koti. Alilitoa ili kunilinda mimi, na sikumwomba.

Mwanangu anakaa mji mwingine, ananyoa watu. Nimetaka kukuandikia jina la mji huo, mkono umekataa. Usinifikirie vibaya zaidi ya ninavyostahili. Barua hii ni yako. Ukiipeleka kwa wakubwa, ni haki yako, na mimi mlango wangu sitaufunga.

Mama yake Kinyozi


19 Mei

Mama yake Kinyozi,

Salamu sina.

Nimesoma barua yako kwenye chumba cha tanuri, nikaunguza mikate ya watu, mwenye kiwanda akanirudisha nyumbani. Watoto sijawaambia. Baba mkwe sijamwambia.

Nitajuaje kwamba na hii si hila? Mtu aliyeweza kunyamaza miaka sita anaweza pia kuandika barua nzuri. Huenda umeona filamu inakuja, ukataka kuwahi. Huenda mwanao ameshavuka mpaka ndiyo maana leo una ujasiri. Sijui. Wewe ulinijua miaka yote hiyo, mimi nakujua tangu juzi.

Naja Jumamosi ya kwanza ya Juni. Mwanao awepo. Nataka kusikia kutoka kwenye kinywa cha aliyeona, si cha mama yake. Asipokuwepo, barua yako itakwenda kambini. Nakuja peke yangu.

Mke wa Ngongoti


8 Juni

Binti wa filamu,

Nilikukataza kuniandikia, sasa nakuandikia mimi. Dunia ndivyo ilivyo.

Mke wa Ngongoti alikuja juzi. Nikuambie kwanza nililolifanya, kabla sijakuambia alilolifanya yeye. Nilipopata jibu lake nilimwita mwanangu, akaja. Nami nikamfungashia begi. Nguo, mkate, kiberiti. Nilimwambia, "Toka leo. Huyu mwanamke anakuja na askari, hilo neno lake la kuja peke yake ni danganya toto." Akalichukua begi, akakaa kitandani, akatoa nguo moja moja akazirudisha kabatini. Akasema, "Mama, nimenyoa watu wengi kule. Kila anayekaa kwenye kiti changu namwangalia kwenye kioo, nadhani ni Ngongoti kanifuata. Mimi sina maisha ya kukimbia nayo tena."

Jumamosi nimesimama dirishani toka asubuhi. Kila gari lililopunguza mwendo nililihesabu ni la kambi. Akaja kwa miguu, peke yake kweli, mwanamke mwembamba mwenye alama za moto mikononi. Hakunisalimu. Aliniambia, "Kaburi kwanza."

Nikampeleka. Alisimama akasoma jina la mwanangu pale. Kisha akaupima urefu wa kaburi kwa macho, kuanzia kichwani mpaka miguuni, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Hapo ndipo alipoketi chini, nami nikarudi ndani.

Alipoingia, mwanangu alikuwa amekaa, anatazama ukuta. Akamwambia, "Simama nikuone." Akasimama.

"Wewe ndiye Kinyozi."

"Ndiye mimi, shemeji."

"Usiniite shemeji bado. Niambie alikuwa anafanya nini."

"Alikuwa anacheka. Nilipochukua ndoo kwenda mtoni alinyoosha mikono nione lile koti lilivyomfupikia. Ndivyo nilivyomwacha."

"Bomu lilipopiga, ulikimbia moja kwa moja?"

Mimi hilo sikuwahi kumwuliza, nilidhani nalijua. Mwanangu akasema, "Hapana. Nilipanda kwanza juu, nikafika alipokuwa. Alikuwa ameshakufa, nilimshika nikahakikisha. Ndipo nikakimbia. Ningebaki naye, wangejua nani ni nani. Nilimwacha na jina langu."

Yule mwanamke akamtazama sana. Nilijua atampiga, na nisingeinua mkono kumzuia. Akasema, "Aliumia?"

"Hakupata nafasi ya kuumia."

"Unasema hivyo kunifariji?"

"Nimekuja kusema kweli. Ningetaka kukufariji ningesema sikumwona."

Basi akakaa. Akamwambia, "Sasa nihadithie tena, polepole, usiruke kitu." Wakakaa mchana kutwa. Mimi nilitoka nikafua shuka ambazo zilikuwa safi.

Alipoaga, mwanangu alimwambia, "Jumatatu nakwenda kambini mwenyewe." Yule akajibu, "Nikiamka Jumanne sijasikia, nitakwenda mimi." Hapakuwa na kukumbatiana, usije ukaweka jambo kama hilo kwenye filamu yako.

Leo ni Jumatatu. Ameondoka asubuhi baada ya kunywa chai. Nilimsindikiza mpaka kona, akaniambia nirudi, watu wanangoja mashuka yao. Sijui watamfanya nini. Nimekaa hapa nakuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyejua akanyamaza.

Neno la koti lirudishe mahali pake.

Mama yake Kinyozi


30 Septemba

Mama,

Shikamoo. Hukumu umeshaisikia, miaka mitatu jela. Nilikuona pale mahakama ya jeshi umekaa nyuma, sikukufuata, na nadhani ulielewa.

Waliponiuliza kama nina neno, nilisema nililokuja nalo: "Mume wangu mlimtafuta miaka sita kama mtoro. Hakuna hata mmoja aliyemtafuta kama maiti." Yule mwenye nyota nyingi akainamisha macho kwenye karatasi zake. Nikaongeza kwamba mshtakiwa alikuja kwa miguu yake. Sikusema hivyo kumtetea, nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sijamsamehe mwanao, Mama. Kuna asubuhi nadhani nitafika huko, jioni napaona mbali. Wewe sijui nikuweke wapi. Ulinifanyia ubaya, ukamfagilia mume wangu kila Ijumaa, na vyote viwili ni kweli.

Jeshi limeniletea barua kwamba amehesabiwa kwenye waliokufa kazini. Iliandikwa mistari minne. Kijana mkubwa akaipeleka shuleni, akambandikia mwalimu mkuu mezani.

Na filamu imeoneshwa. Tulikaa sebuleni wote. Baba mkwe alisema hataki kelele za televisheni, akakaa mlangoni, mgongo ametugeuzia. Lilipofika lile neno la koti, watoto wakacheka, kwenye mnazi uliovalishwa fulana. Yeye hakugeuka. Ila aliyatoa mawani yake akayafuta, akayavaa, akayatoa tena.

Ukoo umekaa, wamekubaliana tuje kumchukua mvua zikiisha, tumlaze kwetu. Watakuja wajomba na vijana wa kuchimba. Naomba siku hiyo uwepo, usijifungie ndani. Wakikutazama vibaya, simama karibu na mimi.

Wazee walitaka baba mkwe abaki nyumbani, magoti yake hayafai. Juzi aliniita, nikadhani anataka maji. Akaniuliza, "Huko kwa huyo mama, mtu akishuka gari, anatembea umbali gani?"

Nikamwambia si mbali, lakini kuna kilima.

Akasema, "Basi nitaondoka mapema kuliko nyinyi." Kisha akamtaja mwanawe kwa jina lake, lile alilompa mwenyewe alipozaliwa. Lilimtoka taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi. Watoto walikuwa wanacheza nje, wakanyamaza wote kusikiliza.

Wako,
Mjane wa Ngongoti